Ngozi ya maabara yenye mishipa ya damu: Itamfikia lini mtoto aliyeungua Muleba?

Sufuria ya ndizi iko juu ya mafiga, inachemka. Mtoto wa miaka miwili anapita mbio, anashika ukingo wake, na mchuzi wote unammwagikia kifuani na mkononi. Ni sekunde mbili tu.

Ajali kama hii haiandikwi magazetini kwa sababu ni ya kawaida mno, iwe kijijini Muleba au mjini Bukoba. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011 uliangalia zaidi ya watoto 300 walioungua. Wengi walikuwa wadogo sana, na chanzo kikuu kilikuwa vitu vya majimaji vya moto: maji, chai, uji, mchuzi.

Ajali ni ya sekunde mbili, lakini kupona ni safari ndefu. Wiki kadhaa wodini, kidonda kusafishwa kila mara, pengine ngozi ya paja kukatwa na kupandikizwa kifuani. Wengine wanabaki na kovu linalovuta mkono hadi haunyooki.

Ndiyo maana habari moja ya Agosti 2025 iliwagusa wengi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza kuwa wameotesha maabara ngozi ya binadamu yenye mishipa yake ya damu. Kazi hiyo iliwachukua miaka sita.

Je, hii ina maana gani kwa mtu aliyelazwa Bukoba leo? Na kwa nini mishipa ya damu ndiyo habari kubwa, badala ya ngozi yenyewe?

Ngozi si karatasi ya kufunika mwili

Ngozi ni kiungo, kama moyo au ini. Ya mtu mzima ikitandazwa inafika karibu mita mbili za mraba. Inazuia maji ya mwili yasitoke, inazuia vijidudu visiingie, inalinda joto na inahisi.

Ina tabaka mbili muhimu. La juu ni jembamba na halina mishipa ya damu. La chini ni nene na imara, limejaa protini inayoitwa kolajeni, na ndimo ilimo mishipa ya damu, neva, mashina ya nywele na tezi za jasho.

Ukiungua kidogo na tabaka la juu tu likaharibika, ngozi inajirudia yenyewe kwa siku chache. Moto ukichoma tabaka la chini lote, hakuna mbegu iliyobaki ya kuotesha ngozi mpya katikati ya kidonda. Mwili unajaribu kufunga kwa kuvuta kingo. Matokeo yake ni kovu gumu, na likiwa kwenye kiwiko, kwapa au shingo, kiungo kinajikunja.

Hapo ndipo upandikizaji unapohitajika.

Ngozi ya paja inavyohamia kifuani

Njia inayotumika duniani kote ni kuchukua ngozi ya mgonjwa mwenyewe. Daktari wa upasuaji anakwangua utepe mwembamba, mara nyingi kutoka pajani, wenye unene usiofika nusu milimita. Paja linapona kwa takribani wiki mbili kwa sababu sehemu ya chini imeachwa.

Utepe huo unaweza kupitishwa kwenye mashine inayoutoboa matundu mengi hadi ufanane na wavu wa samaki. Ukivutwa, unafunika eneo kubwa zaidi. Kisha unalazwa juu ya kidonda kilichosafishwa na kufungwa vizuri.

Kuanzia hapo, kila kitu kinategemea damu.

Siku tano za kusubiri damu

Ngozi iliyokatwa pajani haina tena bomba lolote la damu. Kwa saa 24 hadi 48 za kwanza inaishi kwa kufyonza majimaji yanayotoka kwenye kidonda, kama sponji.

Baada ya hapo mishipa midogo ya kidonda inakutana na midomo ya mishipa iliyokatwa kwenye ngozi ngeni, inaungana nayo, na mingine mipya inachipua. Kati ya siku ya tano na ya saba, kama mambo yamekwenda sawa, ngozi inakuwa ya waridi. Damu inapita.

Kama damu imeganda chini yake, kama kuna usaha, au kama mtoto amejigeuza na ngozi ikateleza, mishipa haikutani. Ngozi inageuka nyeusi na kufa, na kazi inaanza upya. Ndiyo maana manesi wanasisitiza mkono uliopandikizwa usichezeshwe na bandeji isifunguliwe hovyo.

Kumbuka kanuni hii: ngozi isiyopata damu kwa wakati inakufa, hata kama ni ngozi yako mwenyewe. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyowakwamisha wanasayansi wa maabara kwa karibu nusu karne.

Kwa nini basi tunahitaji ngozi ya maabara?

Kwa sababu paja lina mwisho.

Mtu aliyeungua asilimia 10 ya mwili ana ngozi nzima ya kutosha kukopa. Aliyeungua asilimia 60 hana. Agosti 2019, lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, na waliofariki walizidi 100. Majeruhi wengi walikimbizwa Hospitali ya Taifa Muhimbili wakiwa wameungua sehemu kubwa ya mwili. Kagera nayo ina kumbukumbu yake: Septemba 2020, moto katika bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa uliua wanafunzi 10.

Katika ajali za aina hiyo, ngozi ya kukopa ndiyo inayokosekana. Kuchukua ngozi ya mtu mwingine kunasaidia kwa muda tu. Ndani ya wiki chache kinga ya mwili inaitambua kuwa ni ngeni na kuikataa.

Karatasi ya kwanza ya seli: 1975

Mwaka 1975, watafiti wawili wa Marekani, James Rheinwald na Howard Green, walifanikiwa kuzalisha kwa wingi seli za tabaka la juu la ngozi ya binadamu nje ya mwili. Kipande cha sentimita tatu za mraba, kidogo kuliko stempu nyingi, kingeweza kuzaa seli za kutosha kufunika mwili mzima wa mtu mzima ndani ya wiki tatu hadi nne.

Miaka ya mwanzo ya 1980 mbinu hiyo ilianza kutumika kwa wagonjwa. Ilikuwa hatua kubwa, lakini madaktari wakaona kasoro mapema. Karatasi ile ilikuwa ya tabaka la juu pekee, nyembamba, inachubuka kirahisi, na mara nyingi haikushika kwa sababu chini yake hapakuwa na ngozi imara.

Wakati huohuo, John Burke na Ioannis Yannas walikuja na njia nyingine. Walitengeneza kiunzi cha kolajeni ya ng'ombe na kitu kinachotoka kwenye gegedu ya papa. Kiunzi hicho kinalazwa kwenye kidonda, na seli za mgonjwa zinaingia humo na kujenga tabaka jipya la chini.

Shida? Mishipa ya damu inachukua wiki mbili hadi tatu kukijaza. Ni baada ya hapo tu ndipo daktari anaweza kuweka tabaka la juu. Wiki zote hizo, vijidudu navyo viko mlangoni.

Bidhaa zimeendelea kuja. Juni 2021, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha StrataGraft, ngozi hai ya tabaka mbili iliyotengenezwa kwa seli za binadamu, kwa watu wazima walioungua vibaya. Hata hiyo haina mishipa ya damu.

Kwa nini mishipa ni migumu hivi?

Kwa lugha nyepesi: seli hailishwi kwa mbali.

Oksijeni inapenya kwenye nyama hai kwa umbali mdogo sana, kama milimita 0.1 hadi 0.2 tu. Huo ni unene wa karatasi moja au mbili za daftari. Seli iliyo mbali zaidi ya hapo na mshipa inakosa hewa. Kwa hiyo ukijenga ngozi nene bila mishipa, ya katikati inaanza kufa kabla ya mishipa ya mgonjwa kuifikia.

Ni kama kujenga mtaa mpya na kuhamishia watu kabla mabomba ya maji hayajatandazwa. Nyumba ni nzuri, lakini wiki moja haiishi watu wameshaondoka.

Kutandaza mabomba hayo si kazi ya kuchora mistari. Mshipa mdogo kabisa una upana mdogo kuliko unywele. Unahitaji seli maalumu za kuta zake, seli nyingine za kuushikilia usivuje, na ishara za kikemikali za kuuambia uelekee wapi. Kisha lazima uungane na mishipa ya mgonjwa na damu ipite bila kuganda.

Nani amefika wapi?

- Zurich, Uswisi. Mwaka 2014 timu ya Ernst Reichmann ilionyesha ngozi ya seli za binadamu yenye mishipa midogo ya damu na ile ya limfu, ambayo huondoa majimaji yanayozidi. Ilijaribiwa kwa panya. Ngozi nyingine ya kundi hilo, isiyo na mishipa, imefika kwenye majaribio ya wagonjwa.

- New York, Marekani. Mwaka 2019 timu ya Pankaj Karande wa Rensselaer, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Yale, ilichapa ngozi kwa printa ya tabaka kwa tabaka, wino wake ukiwa seli hai. Ilipowekwa kwa panya maalumu, mishipa yake ilianza kuungana na ya mnyama ndani ya wiki chache.

- Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Mwaka 2023 timu ya Hasan Erbil Abaci ilionyesha ngozi iliyooteshwa katika umbo kamili badala ya kipande bapa, hata umbo la mkono, ili ivalishwe kama glavu. Faida yake ni kupunguza mishono kwenye sehemu ngumu kama vidole.

- Linköping, Sweden. Mwaka 2025 watafiti walitangaza jeli yenye seli hai inayotoka kwenye sindano na kushikamana ikifika kwenye kidonda. Walitengeneza pia nyuzi laini ambazo karibu zote ni maji, za kusaidia kuacha njia za mishipa ya damu.

- Queensland, Australia. Timu ya Abbas Shafiee ilichukua seli za ngozi ya binadamu na kuzirudisha utotoni ziwe seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa aina yoyote. Mbinu hiyo ya kurudisha seli nyuma ilimpatia Shinya Yamanaka wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Kutokana na seli hizo waliotesha ngozi ndogo, wakaotesha mishipa ya damu pembeni, kisha wakaviunganisha. Ngozi hiyo ikakua ikiwa na matabaka, mashina ya nywele, rangi, neva na seli za kinga.

Ukitazama orodha hiyo, utaona mpangilio mmoja. Iliyokaribia wagonjwa haina mishipa. Yenye mishipa bado iko maabara au kwa wanyama.

Mbona haijaletwa wodini?

Sababu ni tatu kubwa.

*Muda.* Mgonjwa wa moto anahitaji kufunikwa ndani ya siku. Kuotesha seli zake mwenyewe kunataka wiki. Kuanza na seli shina kunataka miezi.

*Kinga ya mwili.* Ngozi ingeweza kuoteshwa mapema kwa seli za mtu mwingine na kuwekwa akiba. Lakini kuta za mishipa ya damu ndizo kinga ya mwili inakutana nazo kwanza, hivyo ndizo zinazoshambuliwa haraka. Baadhi ya watafiti wanajaribu kuhariri vinasaba vya seli hizo ili zisitambuliwe kirahisi.

*Usalama.* Seli shina zina nguvu ya kuzaliana, na hiyo ni faida na hatari pia. Ikibaki moja ambayo haijageuka kuwa ngozi, inaweza kuota uvimbe. Lazima ithibitishwe kwa majaribio ya wanyama na baadaye ya watu, na majaribio hayo ni ya miaka.

Kwa hiyo ukitumiwa WhatsApp tangazo la mtu anayeuza "ngozi mpya ya seli shina" ya kupaka, jua unaibiwa. Teknolojia hii haipo kwenye kopo.

Ikifika, itafika Kagera?

Tuseme majaribio yanakwenda vizuri. Bado kuna safari nyingine.

Seli zinaoteshwa kwenye kabati linalobaki nyuzi joto 37 usiku na mchana, ndani ya chumba kisicho na vumbi wala vijidudu. Umeme ukikatika saa kadhaa bila jenereta, kazi ya wiki tatu inaharibika. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera imetegemea umeme unaovuka mpaka kutoka Uganda, na wakazi wanajua mgao ni nini.

Halafu kuna umbali. Karatasi ya ngozi hai haikai stoo kama bandeji. Ikitoka maabara, inatakiwa kutumika ndani ya siku moja au mbili. Kutoka kisiwa cha Bumbire au Goziba mgonjwa anaanza kwa boti. Kutoka Muleba mjini hadi Bukoba ni karibu kilomita 70 za barabara. Akihitaji Bugando, ni kuzunguka ziwa kwa gari au kulivuka kwa meli usiku kucha.

Njia inayoonekana nyepesi zaidi kwa mkoa kama Kagera ni ngozi inayoweza kugandishwa na kuhifadhiwa, au jeli ya sindano isiyohitaji maabara kubwa karibu. Ndiyo maana kazi kama ile ya Sweden inastahili kufuatiliwa huku, hata kama haina mbwembwe za ngozi kamili yenye nywele.

Na sato je?

Kuna habari nyingine inayozungumzwa sana kandokando ya ziwa, na ni ya kweli. Mjini Fortaleza, Brazil, madaktari wamekuwa wakitumia ngozi ya sato kufunika majeraha ya moto tangu katikati ya miaka ya 2010. Ni samaki yuleyule wa Ziwa Victoria. Ngozi yake ina kolajeni nyingi, inashika vizuri kwenye kidonda, na inapunguza kubadilisha bandeji kila siku, jambo linalopunguza maumivu.

Lakini mambo mawili yazingatiwe. Ngozi ya sato ni bandeji, haigeuki kuwa ngozi ya mtu. Kidonda kirefu bado kitahitaji kupandikizwa. Pili, ile ya Brazil inasafishwa kwa hatua nyingi na kuuawa vijidudu vyote kabla ya kumgusa mgonjwa. Ngozi ya samaki aliyetoka mwaloni au sokoni usiiweke kwenye kidonda hata kidogo. Utamwingizia mgonjwa maambukizi.

Cha kufanya leo, kabla ya maabara

Kina cha jeraha hakiamuliwi na moto peke yake. Joto linabaki ndani ya ngozi na kuendelea kuiva hata sufuria ikishaondolewa. Ukilitoa joto hilo mapema, mishipa midogo ya tabaka la chini inaweza kuokoka. Mishipa ileile ambayo maabara zinahangaika kuitengeneza kwa miaka.

- Mtoe kwenye moto, vua nguo iliyolowa, bangili na shanga. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute.
- Mwagia maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Hata kama saa moja au mbili zimepita, bado yanasaidia. Kama hakuna bomba, tumia jagi na ndoo. Barafu hapana.
- Poza sehemu iliyoungua tu. Mwili uliobaki ufunikwe, kwa sababu mtoto mdogo anapoteza joto haraka.
- Usipake dawa ya meno, yai, unga, majivu, mafuta wala manyoya ya sungura. Vinatunza joto na kuleta vijidudu.
- Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi kisichonata.
- Nenda hospitali haraka kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe, au liko usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye kiungo. Kiganja chake pamoja na vidole ni karibu asilimia moja ya mwili wake. Mtoto akizidi viganja 10 anahitaji dripu.
- Sehemu nyeupe au nyeusi isiyouma si dalili nzuri. Neva zimeungua, na hapo ngozi haitaota yenyewe.

Daktari akisema mtoto apandikizwe ngozi, swali la familia nyingi ni kama kidonda hakiwezi kusubiriwa kijifunge chenyewe. Kikiwa kirefu, kusubiri ndiko kunakoleta kovu la kuvuta. Na baada ya kupandikizwa, mazoezi ya kunyoosha kiungo ni sehemu ya tiba, hata mtoto akilia.

Ngozi ya Queensland huenda ikafika hospitalini siku moja, na mtoto anayezaliwa Muleba mwaka huu huenda akaitumia akiwa mtu mzima. Kwa yule aliyemwagikiwa mchuzi jioni hii, tumaini la kwanza ni ndoo ya maji iliyo karibu na mafiga, na mtu anayejua kuhesabu dakika 20.